Pete za Xen, virtio au VMBus: nichague ipi kwa seva ya ofisi hapa Kampala?

Seva_Ntinda
Habari zenu wakubwa. Ofisini tumeruhusiwa kununua seva iliyotumika. Ipo duka moja Wilson Road na muuzaji amekubali kutushikia hadi Ijumaa. Itabeba mashine pepe kadhaa. Seva yenyewe sina shaka nayo, shaka yangu ni hipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe. Nimebaki na tatu: XCP-ng inayotumia Xen, Proxmox inayotumia KVM na virtio, halafu Hyper-V ya Microsoft inayotumia VMBus.

Ninavyoelewa, zote tatu zinakwepa kazi ya kuigiza kadi halisi. Mashine pepe na mwenyeji wake (seva inayoibeba) wanatumia kwa pamoja kipande cha kumbukumbu kilichopangwa kama pete. Upande mmoja unaweka maombi, upande wa pili unayaokota na kurudisha majibu, na wakifika mwisho wanaanza tena mwanzo. Sasa pete ya nani ina kasi? Nataka kumpelekea bosi jibu lenye sababu.

Nyabo_Mbale
Karibu ssebo. Kwa ulivyouliza hakuna atakayekujibu sawasawa. Mashine za ndani ni Windows au Linux? Diski ni SSD au zile za kuzunguka? Zipo nyuma ya kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa), na kadi hiyo ina betri? Mtandao ni gigabiti 1 au 10? Na mzigo ni nini hasa, hifadhidata, mafaili au kamera? Kama diski ni za kuzunguka, pete yoyote kati ya hizo itabaki inaingoja diski, na ubishi wote wa kasi hautakuwa na maana kwako.

Mzee_wa_Dom0
Mimi nasimama na Xen, na nitasimama nayo. Watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipochapisha kazi yao mwaka 2003 walikuwa tayari wamelifikiria jambo hili vizuri. Pete ni moja. Maombi na majibu yanakaa kwenye nafasi zilezile, na kuna vielekezi vinne: mgeni (yaani mashine pepe) ameweka maombi hadi wapi, mwenyeji ameyachukua hadi wapi, mwenyeji ameweka majibu hadi wapi, mgeni ameyasoma hadi wapi. Jibu linakaa pale ombi lilipotoka, kwa hiyo nafasi ya jibu ipo tangu ombi lilipoandikwa.

Lakini kinachonifanya niipende ni ruhusa. Mgeni anatoa ruhusa ya kumbukumbu yake ukurasa kwa ukurasa. Ukiiweka draiva ya mtandao kwenye domeni yake peke yake (Xen huita hivyo kila mashine pepe), domeni hiyo inaona kurasa ilizopewa na si zaidi. Kwa KVM ya kawaida, programu ya mwenyeji inayoendesha kifaa inaiona kumbukumbu yote ya mgeni.

Arua_Keneli
Mzee, heshima yako ipo, lakini hadithi uimalize. Pete ya asili ya diski ya Xen ni ukurasa mmoja wa baiti 4096. Humo yanaingia maombi 32, na kila ombi lina vipande 11 vya KB 4. Piga hesabu: KB 1408 ndizo zinazoweza kuwa njiani kwa wakati mmoja. Kwa diski za 2003 zilitosha. Kwa SSD ni kidogo, ndiyo maana baadaye yakaongezwa maombi yenye vipande vingi zaidi na pete za kurasa kadhaa. Hizo ruhusa nazo hazikuwa bure. Kuufunga na kuufungua kila ukurasa kulikula prosesa kiasi kwamba mwaka 2013 draiva ya diski ya Linux ilianza kuziacha ruhusa wazi na kunakili data.

Virtio ya Rusty Russell iliingia Linux 2.6.24 mwanzoni mwa 2008 ikiwa imegawanya kazi. Kuna jedwali la deskripta, kila moja baiti 16: anwani, urefu, bendera, na namba ya deskripta inayofuata. Kuna pete anayoiandika mgeni peke yake, kusema "hizi zipo tayari". Kuna pete anayoiandika mwenyeji peke yake, kusema "hizi nimezimaliza". Hakuna anayeandika eneo la mwenzake, kwa hiyo prosesa mbili hazinyang'anyani kipande kimoja cha kumbukumbu kila mara. Mwaka 2019 toleo la 1.1 la virtio likaleta pete iliyobanwa, ambapo yote matatu yamewekwa sehemu moja ili prosesa isome sehemu chache. Ukiniuliza mimi, chukua Proxmox.

Seva_Ntinda
Asanteni. Nyabo, mashine nyingi ni Windows Server, kuna na Linux mbili. Linux moja ina hifadhidata ya PostgreSQL ya mfumo wa wanachama, na Windows moja inatoa risiti za EFRIS, ule mfumo wa risiti za kodi. Diski nitaongeza SSD.

Nyabo_Mbale
Bado RAID na mtandao hujataja.

Mbarara_Windows
Kama nyingi ni Windows Server basi Hyper-V, sioni kwa nini tunazunguka. Kwenye VMBus kila chaneli ina pete mbili, moja ya kwenda kwa mwenyeji na moja ya kurudi. Ujumbe mdogo unasafiri ndani ya pete yenyewe, na data kubwa inatajwa kwa orodha ya kurasa. Draiva zimo ndani ya Windows tayari. Hata Linux zako mbili hazitateseka, kwa sababu Microsoft walitoa draiva za Linux mwaka 2009, mistari kama 20,000, na ziko kwenye keneli, yaani kiini cha Linux.

Ukienda virtio, Windows haina draiva zake. Unaanza kuisimika, unafika pa kuchagua diski, orodha ni tupu. Lazima uwe na ISO (faili la diski) ya draiva pembeni. Nimewaona mafundi wanaokata tamaa hapo, wanarudisha diski ya kuigiza ya aina ya zamani, IDE, na mteja anabaki nayo miaka.

Arua_Keneli
Kuambatisha ISO ni kubofya mara mbili, ndugu. Leseni je? Hyper-V Server ya bure iliishia toleo la 2019.

Gulu_Paketi
Naomba nirudi kwenye swali. Umbo la pete ni sehemu ndogo ya kasi. Gharama kubwa ni kengele. Mgeni akiweka ombi na kumwita mwenyeji, prosesa inabidi itoke ndani ya mgeni, ihudumie mwito, irudi. Mwenyeji akijibu, anatuma intarapti, yaani ishara ya kuikatiza prosesa, na safari inajirudia upande wa pili. Ukipiga kengele kwa kila paketi, prosesa itakwisha kabla mtandao haujajaa.

Mtazame muuza rolex, ile chapati ya mayai, wa Wandegeya saa za jioni. Ukiona ameinama juu ya kikaango na anazitazama sahani za maagizo mwenyewe, unaweka sahani yako kwenye foleni na kunyamaza, ataifikia. Unamwita pale tu anapokuwa amegeuka. Pete hizi zinafanya hivyo. Xen ina nafasi ndani ya pete inayosema "niamshe ukifika ombi namba fulani". Virtio ina kitu cha aina hiyohiyo, wataalamu wake wanakiita event index. VMBus ina bendera ya kuzima intarapti wakati pete inasomwa. Kwa hiyo hipavaiza zote tatu zinalijua tatizo na zote zimelitibu. Tofauti utakayoiona ofisini itatoka kwenye mipangilio yako.

Jinja_Hifadhi
Namuunga mkono Gulu, na nina kisa ambacho bado kinaniuma.

Kuna ofisi ninayoihudumia, nayo ni ya wanachama wanaoweka akiba. Kabla yangu walikuwa na fundi aliyewawekea KVM, virtio kila mahali, safi. Wakalalamika kwamba ripoti za mwisho wa mwezi zinachelewa. Akaingia kwenye mipangilio ya diski, kwenye kache, akachagua ile ya write back isiyo salama. Ripoti zikaanza kuruka, akasifiwa, akalipwa, akaenda zake.

Maana ya mpangilio ule ni hii. Hifadhidata ikimaliza muamala inatuma ombi la kusafisha kache, yaani "usinijibu mpaka data imefika kwenye diski". Kwa virtio hilo ni ombi linalopita kwenye pete kama la kusoma au la kuandika. Pete ililipeleka kama kawaida. Mwenyeji akalipokea, akalitupa, akajibu "tayari". PostgreSQL ikaamini. Kwa miezi mingi kila kitu kilionekana kizuri kwa sababu umeme ulikuwa haujakatika vibaya.

Siku ulipokatika, betri za UPS zilikuwa zimechoka na jenereta ikachelewa kushika. Seva ikazima ghafla. Ilipowaka, hifadhidata ilikataa kuanza. Kumbukumbu ya miamala ilikuwa na pengo, na baadhi ya kurasa za data zilikuwa za zamani kuliko zingine. Ndipo nikaitwa. Nakala rudufu ya mwisho nzima ilikuwa ya wiki iliyotangulia. Wahasibu walikaa na vitabu vya risiti wakaingiza upya kila amana na kila marejesho, na wazee wa chama walikuja mlangoni kuuliza pesa zao ziko wapi. Mama mmoja alikuwa na risiti yake ya karatasi mkononi na mfumo unasema hajaweka kitu. Niliumia sana siku ile.

Kwa hiyo, Seva_Ntinda, kabla ya kuuliza pete ipi ina kasi, uliza ni nani anayejibu "tayari" na amefanya nini kabla ya kujibu. Ukichukua Proxmox, iache diski kwenye "no cache", ambayo ndiyo ya kuanzia. Na akija mtu kukwambia ataiongezea kasi bila kununua kitu, muulize anabadilisha nini.

Seva_Ntinda
Duh. Pole sana. Hilo la kusafisha kache nimeliandika.

Mzee_wa_Dom0
Pole mwanangu. Narudi kwenye usalama, maana hakuna aliyenijibu. Pete ni kumbukumbu ambayo mgeni anaweza kuibadilisha wakati wowote, hata mwenyeji akiwa anaisoma. Mwaka 2019 vhost-net, ile sehemu ya virtio inayofanya kazi ndani ya keneli ya mwenyeji, ilikutwa na shimo lililompa mgeni njia ya kufurika bafa wakati mashine inahamishwa ikiwa hai. Namba yake ni CVE-2019-14835. Ndani ya keneli, jamani.

Arua_Keneli
Na XSA-155 ya Desemba 2015 je? Hiyo ni taarifa ya usalama ya Xen. Msimbo wa upande wa mwenyeji ulionekana kusoma uga mara moja, lakini kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya prosesa) iliweza kuugeuza usomwe mara mbili moja kwa moja kutoka kwenye pete. Mgeni akibadilisha thamani katikati, ukaguzi umefanyika kwenye namba moja na kazi kwenye namba nyingine. Dawa ni ileile kwa wote: nakili ombi kwanza, kisha kagua nakala.

Mzee_wa_Dom0
Ile ilirekebishwa.

Arua_Keneli
Na ya vhost ilirekebishwa pia, mzee wangu.

Nyabo_Mbale
Mtu ana hadi Ijumaa. Ofisi yake haipangishi mashine kwa wageni wasiojulikana. Sasisheni zote mbili mwendelee.

Entebbe_Wingu
Kwa nini mnanunua chuma kabisa? Amazon wenyewe walianza kuhama Xen mwaka 2017, wakaenda kwenye Nitro yenye msingi wa KVM. Kodi mashine huko, mambo ya pete waachie wao.

Gulu_Paketi
Na bili ya dola kila mwezi, na siku faiba imekatwa na wachimba barabara wanachama wanasubiri dirishani? Halafu hata huko hukimbii pete. NVMe, njia ya SSD za kisasa kuongea na kompyuta, ni foleni mbili za duara, ya maombi na ya majibu. Hata io_uring ya Jens Axboe, iliyoingia Linux 5.1 mwaka 2019, ni wazo hilohilo kati ya programu na keneli.

Entebbe_Wingu
io_uring haihusiani na mashine pepe.

Gulu_Paketi
Inahusiana, QEMU, programu inayoendesha vifaa vya mashine pepe za KVM, inaweza kuitumia kupeleka maombi ya diski upande wa mwenyeji. Ombi moja linaweza kupita pete ya virtio, kisha ya io_uring, kisha ya NVMe.

Seva_Ntinda
Nimejifunza mengi. Swali dogo: nimesoma kwamba pete ya kupokea paketi ya virtio ina nafasi 256 na inaweza kufika 1024. Niiongeze tangu mwanzo?

Gulu_Paketi
Kwa gigabiti 1 usiiguse. Ongeza ukiona paketi zinadondoka kwenye mashine pepe huku prosesa zikiwa na nafasi. Na kabla ya hapo jaribu foleni nyingi, moja kwa kila prosesa ya mgeni. Ni gigabiti 1, sivyo?

Seva_Ntinda
Nitamuuliza muuzaji kesho. Bosi naye ameona uzi huu, anaegemea Hyper-V kwa sababu leseni ya Windows Server tunayo tayari.

Mbarara_Windows
Bosi wako anajua anachofanya.

Arua_Keneli
Mwambie basi aangalie leseni hiyo inaruhusu mashine pepe ngapi. Toleo la Standard linaruhusu mbili tu kwa kila seti ya leseni.

Jinja_Hifadhi
Ukienda Wilson Road, fungua kifuniko cha seva uone kadi ya RAID. Betri yake ikiwa imevimba au haipo, ipunguze kwenye bei. Na UPS mnayo?

Seva_Ntinda
Ipo, ya zamani.

Jinja_Hifadhi
Ya zamani kiasi gani? Ilipimwa ikiwa na mzigo?