Adapta ya waifai ya USB inajitokeza kama CD kwenye kompyuta ya steshenari, naombeni ushauri

Mama Malimbe

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina steshenari ndogo huku Malimbe, Mwanza, jirani na wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT. Natoa kopi, nachapa, naprinti. Mwezi uliopita nilinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, Dell OptiPlex yenye Windows 10. Mashine inafanya kazi vizuri, ila haina waifai ndani yake. Mteja akitaka kunitumia kazi kwa imeili naipokea kwenye simu, naihamisha kwa waya, ndipo naprinti. Wakiwa watatu kwenye foleni, wa nne anaenda kwa jirani.

Mwenye nyumba wangu ana waifai na tumekubaliana namchangia kila mwezi. Kwa hiyo nikapanda daladala hadi mjini, pale Makoroboi nikanunua adapta ya USB kwa 25,000. Boksi limeandikwa kasi ya 600Mbps, jina la kampuni hakuna. Ndani kuna CD ndogo ya ukubwa wa kisahani cha kahawa, na kompyuta yangu haina sehemu ya kuingizia CD.

Nikiichomeka, kompyuta inatoa ile sauti ya kupokea kitu, lakini alama ya waifai haitokei. Kinachotokea kwenye "This PC" ni CD inayoitwa DISC, na mimi sijaweka CD yoyote. Nimeifungua nikaona faili la setup, nikaogopa kulibonyeza.

Fundi mmoja alikuja akaangalia dakika tano, akasema Windows imekufa, nimpe 30,000 apige upya. Humo ndani kuna kazi za wateja za wiki nne. Nimemwambia asubiri kwanza niulize.

Kuanzia wiki ijayo wanafunzi wanaanza kuleta ripoti zao. Naombeni msaada, natanguliza shukrani.

Kijana wa Igoma

Dada usipige Windows kabisa! Mimi nilipigiwa Windows kwa tatizo kama hilo, nikapoteza picha za msiba wa babu, na adapta haikushika vilevile.

Fundi wa Mwaloni

Marahaba mdogo wangu. Windows yako ni nzima na adapta yako ni nzima. Kabla sijasema zaidi naomba kitu kimoja. Chomoa flashi zote, acha adapta peke yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, ingia. Shuka hadi "Universal Serial Bus controllers", tafuta "USB Mass Storage Device". Ukichomoa adapta mstari huo ukapotea, basi ndio wenyewe. Bofya kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties", kisha "Details", kwenye kile kisanduku chagua "Hardware Ids". Niandikie hapa kilichoandikwa.

Mama Malimbe

Nimeona, kaka. Imeandikwa USB\VID_0BDA&PID_1A2B, halafu kuna mstari mwingine mrefu zaidi unaofanana nao.

Fundi wa Mwaloni

Safi sana, umemaliza nusu ya kazi. Hapo 0BDA ni namba ya Realtek, ndio waliotengeneza chipu iliyo ndani. Hivi vitu vinauzwa kwa mamia ya majina, na vingine havina jina kabisa, lakini chipu ndani ni zilezile chache. Kwa hiyo mtu asikusumbue kutafuta draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia adapta, kwa jina la boksi. Draiva inatafutwa kwa namba hiyo.

Sasa 1A2B maana yake adapta iko katika hali ya CD. Mnakumbuka zile modemu za 3G? Ulikuwa unachomeka, inafunguka CD yenye programu ya mtandao husika, ukishasakinisha ndipo inageuka kuwa modemu. Hii nayo ni hivyohivyo. Kila Windows inajua kusoma CD bila kufundishwa, ndiyo maana wameficha draiva ndani ya adapta yenyewe na kuivalisha sura ya CD. Fundi wako aliona CD ambayo haijulikani ilikotoka, akadhani mfumo umechanganyikiwa.

Fungua hiyo DISC, bonyeza setup, ifuate mpaka mwisho. Kisha chagua "Restart", si "Shut down". Kwenye Windows 10 "Shut down" ya kawaida mara nyingi inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, kwa hiyo mfumo hauanzi upya kwelikweli. "Restart" inaanza upya.

Binti Isamilo

Fundi samahani, mimi hapo sikubaliani nawe. Adapta isiyo na jina, imetoka mezani kwa machinga, halafu tunamwambia mtu aruhusu setup iliyomo ndani yake kwenye mashine yenye kazi za watu? Alifanya vizuri kuogopa.

Kuna njia safi zaidi. Dada, unganisha simu yako ya Android na waifai ya mwenye nyumba. Kisha chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya ule wa chaji, nenda kwenye mipangilio ya hotspoti, washa "USB tethering". Kompyuta itapata intaneti kupitia simu, na kwa kuwa simu iko kwenye waifai, bando lako haliguswi. Hakikisha tu ni waya unaopitisha data, kuna nyaya za chaji tupu ambazo hazipitishi.

Intaneti ikishaingia, bofya DISC kwa kitufe cha kulia, chagua "Eject". Hiyo ndiyo amri inayoivua adapta ile sura ya CD. Subiri sekunde kadhaa, kisha fungua "Windows Update" uiache itafute. Chipu za Realtek mara nyingi inazipata yenyewe. Isipopata, tovuti ya catalog.update.microsoft.com inakubali utafute kwa hiyo namba ya "Hardware Ids".

Halafu tafadhali, usiingie zile tovuti zinazokwambia pakua programu yetu itakutafutia draiva zote. Nimesafisha mashine mbili za ofisini kwetu kwa sababu ya programu hizo.

Fundi wa Mwaloni

Binti umesema kweli, na njia ya simu ni nzuri. Dada fuata hiyo kwanza.

Mama Malimbe

Wakuu imewaka! Nimekaa nayo tangu saa kumi na mbili. Nilipobonyeza "Eject", DISC ikapotea, mara kwenye lile orodha la vifaa kikatokea kitu kinaitwa "802.11ac NIC" chenye alama ya njano ya mshangao. Namba yake sasa inaishia C811. Nikaacha "Windows Update" ifanye kazi yake, baada ya dakika kama sita ile njano ikaondoka, jina likawa Realtek 8811CU, na taa ndogo ya bluu kwenye adapta ikaanza kupepesa. Nimeona majina ya waifai za majirani wote.

Lakini bado kuna mawili. Waifai ya mwenye nyumba inashika alama moja tu na inakatika kila baada ya muda. Na nilipozima kompyuta kwenda kula na kurudi, DISC ilikuwa imerudi, ikabidi ni-"Eject" tena.

Fundi wa Mwaloni

Hilo la DISC kurudi nililitegemea. Adapta ikikosa umeme inasahau, inaamka tena ikiwa CD. Kile kisetup kilichomo ndani ndicho kinachoweka programu ndogo ya kui-"Eject" kila kompyuta inapowaka. Draiva ya "Windows Update" peke yake kwenye adapta kama hizi haifanyi hivyo kila mara. Sasa, kwa heshima ya hoja ya Binti: nakili faili la setup kwenye desktopu, libofye kwa kitufe cha kulia, likague kwa Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, sasa unayo intaneti ya kuisasisha. Likitoka safi, lisakinishe.

Kuhusu kukatika, rudi kwenye devmgmt.msc, fungua "Network adapters", bofya mara mbili hiyo Realtek, nenda "Power Management", ondoa tiki kwenye ule mstari wa kuruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Halafu adapta umeichomeka mbele au nyuma?

Mama Malimbe

Mbele, kompyuta iko chini ya meza. Steshenari yangu ni kontena, dirisha limekatwa upande wa barabarani. Nyumba iko nyuma, kama mita kumi na tano, na katikati kuna jiwe.

Bwiru Ziwani

Naona kila mtu anaangalia kompyuta, wacha niulize la nje yake. Dada, ukisimama nje mlangoni na simu, waifai inashika alama ngapi? Na ukiingia ndani ukakaa pale ilipo kompyuta?

Mama Malimbe

Nje alama tatu. Ndani moja, wakati mwingine hakuna.

Bwiru Ziwani

Basi jibu umelitoa mwenyewe. Kontena ni boksi la chuma, na chuma kinarudisha mawimbi ya waifai. Ndani yanaingilia mlangoni na dirishani tu. Wewe adapta umeiweka chini ya meza, jirani na kasha la kompyuta ambalo nalo ni chuma. Kisha ongeza jiwe letu la Mwanza. Mimi nyumba yangu Bwiru imekaa kati ya miamba miwili, chumba cha watoto hakijawahi kushika waifai ya sebuleni mpaka nilipohamisha ruta. Granaiti nene kiasi kile haipenyeki, mawimbi lazima yapate njia ya kuizunguka.

Nunua waya wa kurefusha USB, wa mita 3 unatosha. Usizidi mita 5, waya wa kawaida wa USB 2.0 ndio mwisho wake. Chomeka nyuma ya kompyuta, kwenye tundu jeusi, si la bluu. Matundu ya bluu ni USB 3.0, na kifaa cha USB 3.0 kikifanya kazi jirani kinatoa kelele kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 ya waifai. Adapta yako ni ya USB 2.0, kwa hiyo tundu jeusi halikupunguzii kitu. Kisha itundike adapta dirishani.

Kabla ya kuipigilia popote, ipime. Fungua cmd, lile dirisha la kuandika amri, andika netsh wlan show interfaces, utaona mstari wa "Signal" wenye asilimia. Sogeza adapta kidogo, pima tena. Sentimita ishirini zinaweza kubadilisha mambo.

Jingine, ruta ya mwenye nyumba inatoa jina moja au mawili?

Mama Malimbe

Mawili. Moja linaishia na 5G, ndilo nililoungia kwa sababu niliona ndilo la kisasa.

Bwiru Ziwani

Hapo 5G si ile ya mitandao ya simu, ni gigahezi 5. Ina kasi ukiwa karibu, ila inachoka upesi kwenye kuta na umbali. Kwa kontena na mita kumi na tano, ungia lile jina jingine.

Na ile 600 ya kwenye boksi isikuumize kichwa. Wamejumlisha 150 ya gigahezi 2.4 na 433 ya gigahezi 5, wakapata 583, wakaikuza. Adapta haitumii zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa kupokea imeili na kuprinti hata sehemu ndogo ya hiyo 150 inakutosha.

Tux Nyakato

Kwa watakaopita hapa wakiwa na Linux badala ya Windows: hiyo kazi ya "Eject" kule inafanywa na programu ya usb_modeswitch, na chipu hii ya 8811CU imeingizwa kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, kuanzia toleo la 6.2 la Februari 2023. Ukiwa na kerneli ya zamani kuliko hiyo utahangaika kukusanya draiva mwenyewe. Sasisha kwanza.

Mama Malimbe

MREJESHO.

Nilikaa kimya siku tatu kwa sababu wateja walikuwa wengi. Setup niliikagua kwa Defender, ikatoka safi, nikaisakinisha. Tangu hapo DISC haijarudi, nimezima na kuwasha mara nyingi, hata umeme ulipokatika juzi mchana.

Waya wa mita 3 nimeupata kwa 6,000. Nilipima kama Bwiru alivyosema. Chini ya meza ilikuwa asilimia 31. Juu ya meza 44. Dirishani upande wa kushoto 58, na dirishani kona ya kulia juu, pale ambapo ukichungulia unaona pembe ya bati la mwenye nyumba likitokeza pembeni ya jiwe, 79. Hapohapo nikaifunga kwa zile klipu za misumari za nyaya za umeme. Niko kwenye gigahezi 2.4 na tiki ya umeme nimeiondoa. Waifai haijakatika yenyewe tangu juzi asubuhi.

Leo mwanafunzi amenitumia ripoti ya kurasa 64 akiwa bado yupo kwenye daladala, amefika Malimbe ameikuta imeshatoka na imebanwa. Fundi, Binti, Bwiru, na ndugu yangu wa Igoma, wabheja sana. Mngenyamaza ningempa yule fundi 30,000 na kazi za watu zingepotea.

Fundi wa Mwaloni

Asante kwa mrejesho dada, wengi wakishapona hawarudi. Hapo dirishani angalia tu mvua ya upepo wa ziwa isiifikie, na wale wadudu wa ziwani jioni wanafuata mwanga.

Mama Malimbe

Nimekuelewa kaka. Klipu nimeiacha wazi kidogo, jioni naichomoa kwenye waya naiweka kwenye droo pamoja na funguo za kontena.