Siku moja tu: jumba la Blenheim au nyumba ya Wellington?

Mwl_Shomari: Salamu kwenu wanajukwaa. Nimebakiwa na siku moja kabla ya kuondoka Uingereza, nami nataka kuona walichoacha mamwinyi wa kijeshi wa nchi hii. Je, niende Blenheim kwa akina Churchill, au Apsley House kwa akina Wellesley?

Bi_Zuhura: Mwalimu, umeuliza nusu ya swali. Unatokea wapi, unafuatana na nani, na mfuko unasemaje? Apsley iko jirani kabisa na kituo cha Hyde Park Corner, ilhali kwenda Blenheim kutoka London utapanda treni hadi Oxford, kisha basi hadi Woodstock, na kiingilio chake kinauma.

Kombo_wa_Reading: Uma au usiume, ni Blenheim. John Churchill, Duke wa kwanza wa Marlborough, aliwashinda Wafaransa na Wabavaria kwenye vita vya Blenheim tarehe 13 Agosti 1704, na Malkia Anne akamtunukia ardhi na fedha za kujengea. Baadaye mkewe Sarah, aliyekuwa kipenzi cha malkia, aligombana na malkia huyo, hazina ikafunga mkono mwaka 1712, mafundi wakabaki wanadai, na familia ikalazimika kumalizia kwa fedha yake. Hadi leo kodi ya ardhi ile ni bendera moja ya Kifaransa, inayopelekwa kwenye kasri la mfalme la Windsor kila mwaka.

Bi_Zuhura: Akina Wellington nao hupeleka ya kwao kila tarehe 18 Juni, siku ya vita vya Waterloo aliposhindwa Napoleon, kwa ajili ya shamba la Stratfield Saye. Hapo mmetoka sare.

Mama_Rukia: Mimi Blenheim ilinitoa machozi, na si ya furaha. Nilimpeleka mama mkwe kwa basi la kampuni moja ya watalii, tukaahidiwa saa nne za kutembea. Tulifika tumechelewa, mvua inanyesha, kisha kiongozi akatuzuia dukani muda mrefu hata ikabaki saa moja na robo. Ule mnara wa ushindi, wenye urefu wa mita 41, tuliuona kwa mbali tu kama mlingoti. Ndani tulipitishwa mbiombio mpaka kwenye chumba alimozaliwa Winston Churchill mwaka 1874, na humo tukaonyeshwa vishungi vya nywele alivyokatwa utotoni. Mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, tumesafiri kote huku kuja kutazama nywele za mtoto?" Sikuwa na jibu.

Kombo_wa_Reading: Pole, bibie, lakini kosa ni la kampuni, si la jumba. Tena Winston huyo anatuhusu: alishuka Mombasa mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, akapanda reli kuelekea Uganda.

Msomi_Pemba: Kama hoja ni makoloni, basi Wellesley hana mpinzani. Arthur Wellesley, ndiye Duke wa kwanza wa Wellington, alipigana huko India, Seringapatam mwaka 1799 na Assaye mwaka 1803, wakati kaka yake Richard akiwa Gavana Mkuu wa India. Ile Apsley yenyewe aliinunua kwa kaka huyo mwaka 1817. Chini ya ngazi utamkuta Napoleon wa marumaru, kazi ya mchongaji wa Kiitalia Canova, uchi wa mnyama na mrefu kupita mita tatu: adui amewekwa nyumbani kwa aliyemshinda! Picha za Kihispania nazo, pamoja na ya Velázquez ya muuza maji wa Sevilla, zilikutwa kwenye mizigo ya Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon aliyewekwa kuwa mfalme wa Hispania, baada ya vita vya Vitoria, mwaka 1813.

Kombo_wa_Reading: Yaani nyara.

Msomi_Pemba: Aliandika kutaka kuzirudisha, na Mfalme Ferdinand wa Hispania akamwambia abaki nazo.

Kombo_wa_Reading: Mfalme aliyerudishiwa kiti chake angethubutu kusema nini kingine?

Mwl_Shomari: Ahsanteni. Nilisahau kueleza kwamba nipo na mke wangu, goti linamsumbua, na ndege yetu inaondoka Heathrow saa mbili usiku.

Bi_Zuhura: Mwalimu! Jambo hilo lilitakiwa kuwa la kwanza.

Kombo_wa_Reading: Mkiamka alfajiri, Blenheim bado inawezekana.

Mama_Rukia: Kwa goti lipi?