Mifupa myeupe pe kwenye eksirei, bandama kubwa, selimundu hana

BintiShela
Asalaam aleikum. Mtoto wa miezi mitano, Malindi. Damu (himoglobini) iko 6, bandama limeshuka vidole vinne chini ya mbavu, ametibiwa malaria mara mbili. Selimundu imepimwa, hana. Eksirei ya kifua ilipigwa kutafuta nimonia, mbavu zikatoka nyeupe kama chokaa. Wazazi ni mtu na binti ami yake. Tuanzie wapi?

Kisimani
Si maji ya kisima hayo? Floridi hukaza mifupa.

DktWatoto_Pwani
Floridi huchukua miaka kufika huko, si miezi mitano.

Dada, fikirieni osteopetrosisi, ugonjwa wa kurithi wa mifupa kuwa mizito kupita kiasi. Mfupa hujengwa na kubomolewa daima. Hapa seli za kubomoa mara nyingi zipo tele, ila hazitoi tindikali ya kuyeyushia mfupa. Mfupa hujaa hadi ndani, uboho ukakosa nafasi, ini na bandama vikabeba kazi ya kutengeneza damu. Ndiyo maana damu iko chini, na hata akiongezewa hushuka tena. Matundu ya fuvu nayo hubana mishipa ya macho na masikio.

Leo hii pimeni kalsiamu. Kwa watoto hawa hushuka, na degedege lake kwetu huitwa malaria kabla ya kupimwa lolote. Halafu hesabu kamili ya damu na slaidi, fosfeti, eksirei ya fuvu, uti wa mgongo, nyonga na mguu mzima: tafuteni mfupa ndani ya mfupa, na ncha ya paja iliyotanuka kama chupa. Je, anafuata mwanga kwa macho? Kalsiamu ikiwa chini itibiwe, lakini msimmiminie vitamini D eti mifupa ipate nguvu.

Nasaba
Aina ya utotoni hurithiwa pande zote mbili: kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4, upya kila mara. Mmoja akiugua haina maana watatu wanaofuata wamesalimika.

Tiba ya kweli ni kupandikiza uboho, maana seli zile za kubomoa hutokana nao. Jicho lililokwisha kuzimika kwa kawaida halirudi, kwa hiyo rufaa isingoje. Ila jeni ipimwe kwanza. Karibu nusu ya watoto hawa wana hitilafu ya jeni iitwayo TCIRG1, na hao hufaidika. Wenye hitilafu ya jeni ya OSTM1 ubongo huharibika hata uboho mpya ukishika. Wenye hitilafu ya jeni ya RANKL, kasoro haiko kwenye uboho, kwa hiyo kupandikiza hakuwafai. Ndugu wa tumbo moja wapimwe mapema kama uboho wao unalingana na wake, na kwa ndoa ya binamu pimeni hata wazazi na ami.

FundiMifupa
Nyongeza kwa aina ya ukubwani, ile aliyoieleza Albers-Schönberg, daktari Mjerumani wa eksirei, mwaka 1904. Mfupa mzito si mfupa imara, huvunjika kama chaki. Ukitoboa kwa keekee, mwendo wa polepole, maji ya kupoza muda wote, na ncha za akiba mezani kwa sababu zitakatika. Jino lising'olewe ovyo: damu haifiki vizuri tayani, kidonda hugeuka usaha wa mfupa usiokauka.

BintiShela
Kalsiamu inapimwa asubuhi. Ahsanteni.