Wakuu, ni "its" au "it's"? Msaada wa haraka

Kalamu Bubu: Habari za muda huu wakuu. Kuna sentensi inaninyima usingizi: "The report and it's principle findings will effect everyone." Programu ya kusahihisha haijaipigia mstari hata neno moja. Iko sawa au niibadilishe? Naombeni majibu ya kitaalamu, mizaha tuweke pembeni.

Mzee wa Kona: Hapo kuna makosa matatu, kijana. "It's" ni ufupisho wa "it is" au "it has". Ya umiliki ni "its", bila kile kialama cha kwenye ng'ombe. Angalia "his", "hers", "ours", "theirs": ipi ina alama? "Principle" ni kanuni. Kilicho kikuu ni "principal". "Effect" ikiwa kitenzi ni kuleta jambo litokee. Kugusa au kuathiri ni "affect". Programu nyingi hukamata neno lisilokuwepo, na hayo yote yamo kwenye kamusi.

Subira_N: Mimi nilibandika mlangoni kwa herufi kubwa STATIONARY ROOM. Wenzangu wakaniuliza kama vyumba vingine vinatembea 😂 Ya karatasi na kalamu ni "stationery". Cha ajabu asili yake ni moja: muuza vitabu wa zamani mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na wachuuzi wa kuzunguka.

Tumbo Joto: Tatizo hamsomi. Mnashinda kwenye simu tu.

Mzee wa Kona: Mleta uzi, haraka ya nini? Hiyo sentensi iko wapi sasa hivi?

Kalamu Bubu: Kwenye barua ya kuomba kazi.

Mzee wa Kona: Kazi gani?

Kalamu Bubu: Uhariri. Wa Kiingereza. Na barua imeshaenda.

Subira_N: 😂😂😂 Nisamehe mkuu, nimeshindwa.

Kalamu Bubu: Cheka tu. Nimeandaa barua ya pili kwamba kibodi ilibadilisha maneno yenyewe. Si uongo wa moja kwa moja, simu huwa zinabadilisha. Halafu nasikia zamani "it's" ilikuwa ya umiliki pia.

Mzee wa Kona: Ni kweli, karne ya 17 na ya 18 utaikuta. Na Biblia ya King James ilipotoka 1611 haikuwa na "its" hata moja, walitumia "his" na "thereof". Ila wewe hukuomba kazi mwaka 1611.

Chujio: Wakuu mnanyweshwa chai. Maneno tisa, makosa matatu, na yote ni yale yale ya vitabu vya mazoezi? Anayekosea kweli hukosea ovyo ovyo. Huyu ni mwalimu anatunga mtihani, sisi ndio tunamfanyia kazi yake.

Tumbo Joto: Nilijua tu.

Kalamu Bubu: Ningekuwa mwalimu ningekuja kuuliza huku?

Subira_N: Awe mwalimu asiwe mwalimu, na "practice" na "practise" je?

Mzee wa Kona: Kwa Waingereza nomino ni c, kitenzi ni s. Marekani ni c kotekote. Chagua upande mmoja ubaki nao.

Chujio: Mleta uzi, weka hiyo barua ya pili tuione kabla hujaituma.

Kalamu Bubu: Nimeshaituma mlipokuwa mnabishana. Fupi tu: "Please note that my keyboard has it's own habits."

Chujio: Nafuta kauli. Hii si chai.