Hivi kupitia diploma kuingia chuo kikuu ni kosa?

Wakuu, nimevumilia muhula mzima, leo naongea.

Nilimaliza fomu foo, nikasoma cheti mwaka mmoja, kisha diploma ya uhasibu miaka miwili, yaani ngazi ya 4 hadi ya 6 za NTA, mfumo wa tuzo za vyuo vya kati. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, wanataka GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 ndipo uombe digrii. Ninayo na inazidi. Nikahangaikia namba ya uhakiki wa diploma yangu NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, wakati mwenzangu wa fomu siksi anajaza namba yake ya mtihani na kuendelea. Nikachaguliwa. Sikubebwa na mtu.

Wiki ya kwanza tu mhadhiri anasimama mbele: "Waliotoka diploma nyoosheni mikono." Tukanyoosha. "Nyie mjiandae, hapa si chuo cha kati." Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo, kwenye kupanga makundi, mtu anakuuliza umetokea fomu siksi au diploma kabla hata ya kukuuliza jina. Tukaishia kujikusanya wenyewe kama wagonjwa wa kipindupindu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Tulipofika kwenye kuoanisha daftari la fedha na taarifa ya benki, walewale wa fomu siksi waliosoma michepuo ya PCB (sayansi) na HGL (sanaa) wakaja usiku kunigongea hosteli: "Kaka, tuelekeze." Nikawaelekeza hundi ambazo hazijafika benki, makato ya benki, kipengele kimoja kimoja mpaka wakaelewa. Asubuhi, mbele ya wenzao, mimi tena ni kilaza wa diploma!

Na nani kawaambia sote tulifeli? Kuna waliopangwa vyuo vya kati na TAMISEMI baada tu ya matokeo ya fomu foo. Kuna ambao nyumbani walihitaji mtu wa kushika kazi mapema. Na hata aliyefeli, akarudi akakaza hadi akapata hiyo GPA, ana deni gani kwenu?

Huko mtaani nako ni hivyo hivyo. Nimeona tangazo la kampuni moja binafsi: wanataka digrii, halafu eti uambatanishe na cheti cha fomu siksi. Mtu wa diploma aambatanishe nini?

Wahadhiri, acheni kutunyoosha mikono. Mtihani ni mmoja, sahihisheni karatasi. Na nyie wenzangu mliopita njia hii, huko vyuoni kwenu mnafanyiwa hivi hivi?