Istanbul wameniuzia baklava ya njegere, mama ndiye aliyenishtua

Wakuu, nina hasira na leo sinyamazi.

Nimerudi Istanbul wiki iliyopita. Nilienda Laleli kufunga mzigo wa nguo, kama wengi wetu wa Kariakoo tunavyofanya. Siku ya pili, Mturuki mmoja ninayefanya naye biashara akanipeleka kwenye kiduka cha uchochoroni kule Aksaray, meza nne tu. Ndipo nilipoijua baklava, kile kitamu chao cha manda na shira. Akanionyesha inavyoliwa: unaigeuza, ule upande wa chini uliolowa shira ndio uguse kaakaa. Ukiichoma uma unaisikia inavyolia, maana manda zake ni nyembamba kuliko za sambusa, zimepangwa moja juu ya nyingine, na katikati pistachio, zile njugu za kijani, imesagwa kidogo tu, punje unaziona. Harufu ya samli inakufikia kabla hujauma. Nilikula vipande vinne na chai ya rangi kwenye kile kibilauri chao kidogo, nikasema hii lazima mama aionje.

Siku ya kuondoka muda ukanibana. Nikaingia duka moja la watalii pale Eminönü, karibu na Soko la Viungo. Kijana wa mlangoni anakusalimia kwa Kiswahili kabisa. Nikapewa kiti, nikapewa chai ya tofaa, "dada, onja". Nikaonja ya kwenye trei ya mbele, nzuri sana. Nikaagiza kilo mbili, nichanganyiwe na lokum, zile peremende zao laini zenye njugu ndani.

Akaenda kufungasha nyuma. Aliporudi kila kitu kilishafungwa kwa ile mashine ya kunyonya hewa, kimo ndani ya boksi la mbao, na boksi hilohilo akalipandisha kwenye mzani. Nikamwambia toa boksi upime upya. Akacheka, eti boksi ni zawadi. Zawadi gani inapimwa kwa bei ya pistachio? Na bei yenyewe haikuandikwa popote, wakati sheria yao wenyewe inataka bidhaa ibandikwe bei. Gari la uwanja wa ndege lilikuwa linanisubiri, nikatoa dola 60 nikaondoka.

Mama yangu ni mtu wa Unguja. Halua anaijua tangu inasongwa jikoni, huwezi kumdanganya kwa kitu kitamu. Akauma kipande, akatafuna polepole, akakitoa mdomoni akakitazama.

"Mwanangu, hizi si njegere?"

Nikakipasua. Unga wa kijani mtupu, ukiugusa rangi inabaki kidoleni, punje ya pistachio hata moja hakuna. Manda zimelegea kama mkate uliolowa chai, shira inanata kwenye meno. Nikakata lokum, ndani karanga. Na juu ya boksi wameandika "Antep" kwa herufi za dhahabu!

Antep ni Gaziantep, mji wa kusini mashariki mwa Uturuki. Baklava yake ndiyo bidhaa ya kwanza ya Uturuki kulindwa jina na Umoja wa Ulaya, mwaka 2013, na mwaka 2015 UNESCO ikauingiza mji huo kwenye orodha yake ya miji ya upishi. Kuna mafundi kule wamezeekea kwenye kusukuma manda. Halafu mtu anachukua jina la jasho lao anabandika kwenye njegere, kwa sababu anajua mgeni akishapanda ndege harudi kudai.

Na asije mtu hapa kuniambia nilipenda cha bei rahisi. Kilo ya Aksaray ilikuwa chini ya hiyo niliyolipa kwa matapeli hawa!

Mnaokwenda, msikubali kufungashiwa nyuma. Iwe ileile trei uliyoonja, ijazwe mbele ya macho yako, ipimwe kabla haijaingia kwenye boksi. Wakikataa, toka.

Hela nitaitafuta tena. Kinachoniuma ni mama, ambaye sasa anamwambia kila jirani kwamba Waturuki hawajui vitamu, na mimi sina hata kipande cha kumwonyesha kwamba siyo kweli. Mwenye safari ya Istanbul mwezi ujao anitafute faragha, nimwelekeze kile kiduka na nimpe hela. Nusu kilo tu inatosha.