Tupeane uzoefu: chakula cha sikukuu kwa wasio nacho, Moshi na Arusha

Wadau habari za usiku. Desemba ndo hii, watu wanapanda nyumbani, soko la Mbuyuni hapapitiki, kila mtu anahemea. Roho inaniuma sana kuona nyumba moja wamechinja na ya pili yake wanakunywa uji mtupu siku ya Krismasi. Kwetu ndugu huwa tunachanga tunapeleka kituo cha watoto hapa Moshi, na kilichotusaidia ni kupiga simu kwanza, maana mlezi alitwambia wiki ya sikukuu mchele na soda vinajaa mpaka vinakosa pa kukaa ila Januari katikati stoo imebaki chumvi tu, na huo ndo mwezi wa madaftari na sare. Sa hivi tunapeleka nusu Desemba, nusu Januari. Maharage, mafuta ya kupikia, sukari, sabuni, na mkaa jamani, mkaa watu wanausahau kabisa. Nyie mnafanyaje?

Mdau wa Pasua: Sisi ni jumuiya ndogondogo ya kanisani, kila nyumba inatoa ilichonacho, mwenye debe la mahindi haya, mwenye kilo ya sukari haya. Uzuri wa jumuiya inajua nani hana, hakuna kumwita mtu mbele za watu apigwe picha na kiroba cha unga, hiyo mi siipendi hata kidogo. Tunaenda jioni kama wageni, tunakaa, tunaongea. Kuna bibi analea wajukuu peke yake, tulipoaga akatukatia ndizi tuondoke nazo, na tulizipokea kwa mikono miwili. Mkipewa pokeeni, msikatae.

Mama wa Kaloleni, Arusha: Kwetu Waislamu hili tunalo kwenye zakatul fitri, ile sadaka ya kumaliza Ramadhani, kila kichwa pishi moja ya chakula kinacholiwa hapo mnapoishi, kama kilo mbili na nusu mpaka tatu hivi, na imfikie mwenyewe kabla ya swala ya Idi ili siku hiyo asitoke kuomba. Krismasi nayo natoa, majirani si ndo hao hao. Nanunua mchele wa Magugu ule ule tunaokula nyumbani, sinunui chenga kisa ni wa kugawa.

Muuza nafaka, soko la Kilombero, Arusha: Naomba niongezee kwenye ubora. Kama chakula kitakaa stoo peleka sembe, dona ina kiini chenye mafuta inawahi kuharibika. Na mahindi au karanga zenye ukungu msipeleke popote, hata kuku msiwape, 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, sumu ya huo ukungu, na ile hata ukipika haiondoki. Mteja akinambia ni ya kituo namchambulia mwenyewe gunia zima.

Mdau wa Dar: Mimi mwaka huu sipandi, likizo imegoma. Nataka kutuma hela ila kituo sikijui, nafanyaje?

Mleta mada: Mkuu, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, wanavijua vilivyosajiliwa. Halafu hela mtumie ndugu yako aliyeko huku akanunue mzigo aufikishe mwenyewe, na muulize mlezi ana watoto wadogo wangapi, wale wanataka unga wa lishe na maziwa, makande hawayawezi.

Mama wa Kaloleni: Na pampasi.